Ndizi Nne Juu ya Injini

Pikapu kuukuu ya Salesio pale Mikinduri ilipoanza kumisi, injini ikirukaruka mapigo, ilitetemeka mpaka maziwa yaliyopakiwa nyuma yakafika sokoni yakiwa siagi. Anayebisha aende akawaulize waliopaka mkate.

Salesio akachoka. Akamwambia jirani yake Mutugi aje saa sita aichukue kwa bei ya chuma. Mukiri, mkewe, alisikia akiwa jikoni, akatoka. Pikapu hiyo ndiyo iliyompelekea ndizi Meru mjini. Ikienda, unabaki mgongo wake na kamba.

"Mzee, umejua ni silinda gani imelala?"

"Nitajuaje? Niziulize?"

"Tutaziuliza. Washa gari."

Akaja na ndizi nne mbichi, zimemenywa, akazilaza pale mabomba ya moshi yanapotokea kwenye injini, moja kwa kila silinda. Salesio alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Sasa hii ni gari ama ni jiko?"

"Wewe kanyaga mafuta, unyamaze."

Injini ikanguruma, ikakohoa. Punde ndizi tatu zikaanza kunukia na kugeuka kahawia. Ya nne, upande wa rejeta, ilikaa baridi kama pua ya mbwa.

"Mvivu ni huyo," Mukiri akasema. "Hafanyi kazi na mafuta anakunywa. Hata kwa ukoo wenu yupo."

Salesio akazima, akabadilisha plagi ya hapo na ya silinda iliyo kando yake. Akawasha. Ndizi ileile ikabaki mbichi. Basi plagi haikuwa na makosa. Akaufuata waya wake kwa vidole, akakuta panya ameutafuna mpaka ndani. Kulikuwa na waya wa zamani umening'inia stoo, akauchomeka. Injini ikatulia, hata kuku aliyeatamia pale nyuma hakuamka.

"Lakini huyu panya," Salesio akajikuna kichwa, "alifuata nini humu?"

Mukiri akageukia migomba. Miaka yote hiyo, kila siku ya soko, alikuwa akijichomea ndizi njiani juu ya injini hiyohiyo, na vipande vingine akivisahau humo.

"Joto, mzee. Hata panya husikia baridi."

Mutugi alifika na kamba ya kuvutia gari. Alipewa ndizi ya nne, sasa imeiva sawasawa, aile akirudi kwake.

"Tamu," akasema, "ila inanukia petroli."

"Hicho ni kiungo," Mukiri akamjibu.