Kutu Kwenye Tanki ya Papa

Sisi tuliokulia Bihambwe wakati ule wa Wabelgiji, motokari ikisikika bondeni watu waliacha majembe shambani wakakimbilia barabarani, na mwalimu wetu wa misioni hakuthubutu kutuzuia maana yeye mwenyewe alikuwa mbele yetu. Wajukuu zangu nikiwasimulia hivyo wanacheka. Wao pikipiki ikichelewa kidogo tu wananuna kama wamefiwa, na simu iko mkononi. Haya, chekeni. Sisi tuliteleza vilimani juu ya maganda ya migomba mpaka kaptula za wavulana zikatoboka matakoni, tukala maharage yaliyotokota tangu asubuhi, tukanywa maziwa ya kuganda mpaka kila mtu akaota ndevu nyeupe. Nasema "sisi," lakini mwaka ninaoukumbuka zaidi mimi sikuteleza na mtu. Nilikuwa nakaa juu ya mawe kando ya shamba, nikitazama barabara inayoshuka kwenda Walikale, kwa sababu mama yangu aliondoka kwa barabara hiyo.

Alikwenda Mubi, kule msituni, kumuuguza mama yake. Kisha madereva wa kamio, yale malori makubwa, wakatuletea habari kwamba nyanya amezikwa, na kwamba Mama naye amevimba miguu, hawezi kupanda vilima kurudi kwetu. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Nyumbani tulibaki na Papa, baba yangu, na dada yake, Shangazi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani aliyejua ng'ombe kuliko mtu yeyote mlimani petu. Walinipenda wote wawili. Lakini jioni zikifika, watoto wengine wakiitwa na mama zao mmoja mmoja waende kuoga, mimi nilikuwa najifanya ninaitwa.

Papa alikuwa dereva wa muzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Muzungu huyo alipoondoka alimwachia motokari yake kuukuu, ambayo kuku walikuwa wameshaigeuza kiota. Mbele ilikuwa na kiti kimoja kirefu, nyuma sanduku la mbao, na tanki ya esansi, yaani petroli, ilikuwa chini ya kile kiti. Papa aliisugua mpaka ikang'aa. Ikiwashwa, ilikohoa, ikatembea mpaka kwenye mteremko wa kwanza, halafu kimya. Mvua ya miaka ilikuwa imeingia ndani ya tanki.

"Iko na kutu mu tumbo," Papa aliniambia. "Ile kutu njo inaziba njia ya esansi. Nikiitosha yote mule ndani, tunaenda kukamata mama yako Mubi, tunamurudisha. Wewe, Vero, utaikala apa katikati."

Akapiga kiti kwa kiganja. Basi tangu siku ile kile kiti kikawa changu. Kila nikitoka shule nilipanda nikakaa katikati, nikamwachia Papa upande wa usukani na Mama upande wa mlango, nikaanza kumweleza Mama habari za siku nzima. Shida ilikuwa moja: harufu ya esansi ilinipanda kichwani, na mara nyingi nilishuka mbio kwenda kutapika kwenye majani. Shangazi aliniona.

"Aka! Uyu mutoto atatapika mpaka Mubi," alisema. "Ile kitu inanuka mubaya sana."

Papa aliifungua tanki, akaitoa, akamwaga esansi iliyobaki, akajaza maji na changarawe za mtoni ili zikwangue kutu. Lakini kuitikisa! Aliikumbatia, akarukaruka nayo uani kama mtu aliyeingiwa na siafu, akaanguka nayo. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Wanaume hamujui kusuka maziwa," alisema. "Lete apa."

Alitandika majani makavu, akailaza tanki kama kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, akamwita jirani mmoja, na wale wanawake wakaanza: huku mmoja anasukuma, huku mwingine anapokea, polepole, kwa wimbo wa siagi. Shangazi alikuwa na mkono! Changarawe zililia ndani mchana kutwa. Walipomwaga, maji yalitoka mekundu mazito yenye magamba. Wakajaza tena, wakamwaga tena, mpaka yakatoka meupe. Nilicheza ngoma peke yangu uani. Niliona Mubi kabisa.

Papa akasuuza tanki kwa esansi kidogo ili maji yasibaki humo yakalete kutu nyingine, akaimwaga, akaiegemeza ukutani ikauke. Palikuwa na matundu madogo ya kuziba kwa risasi ya kuyeyusha, na fundi alikuwa Masisi. Asubuhi yake akaenda zake kwa miguu kumwita, akipiga mluzi.

Sasa, ninyi mliokulia kwenye ng'ombe mnajua. Kibuyu cha maziwa kikishaoshwa kinafanywa nini? Kinafukizwa. Unachoma majani yenye harufu nzuri, unaingiza moshi ndani, ndipo maziwa yakae bila kunuka. Mama aliyeacha kufukiza kibuyu chake alisemwa na mlima mzima. Shangazi aliitazama ile tanki iliyooshwa vizuri namna ile, akainusa, akakunja uso. Papa hakuwa amemwambia kitu kuhusu moto. Kwa dereva, hilo si jambo la kumwambia mtu mzima.

"Vero, enda unitafutie mayai kule nyuma," alisema. "Ukirudia, itakuwa inanukia muzuri. Hautatapika tena."

Nilikuwa nimeinama kwenye majani ya kuku niliposikia mlio ambao sijausikia tena maishani, namshukuru Mungu. Nilirudi nikipiga kelele. Shangazi alikuwa amekaa chini mbali na pale alipokuwa, nyusi hazipo, mkono umebabuka, kijinga cha majani bado kinafuka pembeni. Tanki ilikuwa imepasuka mshono mzima kama ganda la haragwe.

"Nilikuwa nafukiza tu," alikuwa anasema. "Mama weee, nilikuwa nafukiza tu, juu ya mutoto."

Papa aliporudi na fundi hakumgombeza. Alimpaka dawa mkononi, kisha akaenda kukaa kwenye motokari mlango ukiwa wazi. Fundi alitikisa kichwa: hiyo si ya kushona. Papa alizunguka Masisi yote akitafuta tanki nyingine, lakini motokari ile ilikuwa ya zamani mno, haikuwa na ndugu. Siku moja ikapita kamio ya migodi inayoshuka Mubi. Dereva alikubali kumchukua Papa, maana kule walihitaji madereva. Mtoto, hapana.

"Batoto habapande mu kamio ya migodi," alisema, na hakuwa mtu mbaya.

Papa alinibeba akanisimamisha kando ya Shangazi. "Nitakuya kukukamata mbele ya mahindi kukauka," aliniambia. Aliamini hivyo, najua. Lakini miguu ya Mama ilitaka dawa, na dawa zilikuwa za wafanyakazi na wake zao tu, basi akabaki kazini. Mahindi yalikauka, yakapandwa, yakakauka. Shangazi alinilisha utando wote wa maziwa, alinibeba mgongoni hata nilipokuwa mkubwa wa kuchekwa. Polepole, bila mtu kuniambia, nikaanza kumwita Shangazi "Mama."

Papa na Mama walirudi nilipokuwa nimeshamaliza kuota meno mapya. Mama alishuka kwenye kamio ya wachuuzi, mwembamba, na mtoto mgongoni ambaye ni mdogo wangu. Nilikimbia kumletea maji ya kunawa na kigoda, nikapiga goti nilivyofundishwa.

"Karibuni, Mama. Mulisafiri muzuri?"

"Vero," alisema, "ni miye mama yako."

"Ndiyo, Mama," nilimjibu, nikarudi kusimama nyuma ya Shangazi. Wote watatu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa naangalia kama maji yanatosha.

Siku hizi mjukuu wangu wa kike anaishi nami, na mama yake anauza vitu kule kule Mubi. Wanapigiana simu kila siku. Wanagombana! Kwa sababu ya sabuni, kwa sababu ya nywele, kwa sababu ya upuuzi tu. Mtoto anamkatia mama yake simu kwa hasira, na kabla hajakaa vizuri anampigia tena. Namwambia hana adabu, kizazi chenu kimeharibika, halafu natoka nje kwa sababu nimeona wivu. Mimi na mama yangu tuliishi miaka mingi baada ya ile siku, na tulipendana mpaka alipofariki, lakini kwa heshima, kama mtu na mama mkwe wake. Hatukugombana hata siku moja.