Wubalem na Kikombe cha Tatu

Saa moja asubuhi, mtaa wa Gulele bado umejifunika ukungu. Wubalem Getahun anasoma kwa sauti, karatasi mkononi, miguu juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni. Ubani unafuka. Jirani yake, Aselefech, anakaanga kahawa huku masikio yote yakiwa kwenye karatasi.

"Futa hapo," Aselefech anasema. "Mlinzi wa geti gani huyo anaongea kama wakili?"

Wubalem anafuta bila ubishi. Ndivyo anavyotunga vichekesho vya televisheni kwa miaka thelathini sasa: kisichowachekesha majirani kabla ya kikombe cha pili kwisha, hakitoki humu ndani.

Ana miaka sitini na moja na ni tajiri, ingawa kandambili zake hazisemi hivyo. Wenzake walipolipwa birr elfu mbili kwa kipindi, yeye aliomba mia nane, ila kanda zibaki zake.

"Waliniita mjinga, wakacheka," anasema. "Kazi yangu si ndiyo hiyo, kuwachekesha watu?"

Leo vituo vinne hukodi vipindi hivyo kwake, kwa birr milioni sita kwa mwaka. Kati ya hivyo hajauza hata kimoja. Akipata, hununua nyumba ya kupangisha, kisha anarudi kwenye vyumba vyake vilevile vinne.

Akili hiyo aliipata kwa machungu. Kahawa hapa hunywewa mara tatu, na kikombe cha tatu ndicho cha baraka. Mnunuzi wake wa kwanza, mtu wa kituo cha televisheni, alikuja na haraka, gari likinguruma nje. Wubalem akainuka baada ya kikombe cha kwanza, akatia sahihi. Sehemu kumi na tatu za kwanza za vichekesho vyake zikaenda moja kwa moja. Aliyecheza mlinzi wa geti humo ni mumewe, Demissie, aliyefariki mwaka uliofuata.

Kituo hicho kimezifungia kanda hizo kabatini, hakizionyeshi, hakimpi.

"Picha zake ninazo. Sauti sina," anasema Wubalem. "Huwa naota geti linagongwa. Nafungua, naona midomo yake inacheza, sisikii neno."

Anaongeza ubani kwenye makaa.

Leo ana mgeni. Natnael, kijana wa kituo hicho hicho, amekuja kununua vipindi vyote vilivyobaki kwa birr milioni arobaini.

"Etiye Wubalem," anasema, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa, "tumalize basi. Nina kikao saa tatu."

"Kaa, mwanangu. Kikao hakina miguu, hakitakimbia."

"Ukiinuka kabla ya baraka," Aselefech anadakia, "hatutakuita mgeni, tutakuita upepo."

Kikombe cha kwanza kinaisha Natnael akisifia milioni zake. Cha pili, Wubalem anasoma kipande kipya, na kijana anacheka mpaka kahawa inammwagikia shati. Cha tatu kinapomiminwa, mwenye nyumba anataja bei yake.

"Siuzi. Nawakodishia vyote miaka mitatu, bure. Nipeni zile kumi na tatu, ziwe zangu."

"Bure?" Aselefech anaruka. "Wewe mwanamke umerogwa!"

"Baada ya miaka mitatu vipindi vyangu vitarudi, na pesa itarudi navyo. Demissie atarudi na nini?"

Natnael anatoka kupiga simu. Ukungu umeanza kupanda juu ya mikalitusi. Wubalem ameshika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Anaogopa, na haoni haya kuogopa.

Kijana anarudi, anaketi, anamalizia kikombe chake kwanza.

"Wamekubali, Etiye. Jumatatu nitakuletea mkataba, na kanda nitazibeba mwenyewe."

Wubalem anafunika uso kwa shashi lake jeupe. Akilifunua, mpango tayari anao: Jumapili itakayofuata atatandaza nyasi, ataita majirani, ataweka televisheni hapa hapa.

"Utatusomea nini siku hiyo?" Aselefech anauliza.

"Sisomi kitu. Nitanyamaza nimsikilize. Zamu yake kutuchekesha."

Aselefech anavihesabu vikombe kwenye sinia, kisha anaongeza kimoja, cha mlinzi wa geti.