Niliifundisha simu kumjibu mama "ndiyo"

Kosa ni langu peke yangu, na nimechoka kuamka nalo. Nawaandikia ninyi kwa sababu wanaopaswa kulisikia siwezi kuwatazama usoni.

Nasoma elektroniki, nimepanga chumba Magomeni, Mtwara. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwa kuangalia video na kukosea. Kazi ya kujirudiarudia inanikera, basi naitafutia programu: kunakili vipimo vya maabara, kuchora grafu, kupanga ripoti. Nikiona dosari ndogo, silali.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa kifaa cha kupima unyevu wa korosho ghalani. Kilinitesa. Na asubuhi, mchana, jioni, ujumbe wa mama uliingia. Kwetu ni karibu na mto Ruvuma unapomwaga maji baharini. Kuongea kwa simu hukatikakatika, ila ujumbe hupita. "Umeamkaje? Umekula? Umeswali?" Nikaona hii nayo ni kazi ya kujirudia.

Nikasoma jumbe zake zote za zamani, nikaandika programu ya kumjibu. Ilimwamkia shikamoo. Ilichelewa kidogo kabla ya kujibu, ifanane na mtu. Maswali ya mama karibu yote jibu lake lilikuwa moja, kwa hiyo nikaiagiza: ukiona alama ya kuuliza, jibu "Ndiyo mama, inshallah."

Zuhura, ninayeishi naye, alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, hata shikamoo umeitafutia kibarua? Siku mama akikuuliza kama umeolewa, tutasikia ngoma mlangoni."

"Mama haulizi hayo," nikamjibu.

Kila jioni nilikuwa nazipitia jumbe zote. Wiki ya kuwasilisha mradi sikuzipitia.

Walimu waliponipongeza, nikafungua simu ili nimwambie mama. Nikasoma.

"Baba yako kachomwa na msumari shambani, mguu umevimba."

"Sawa mama. Msalimie baba."

"Zahanati wanasema tumlete hospitali Mtwara. Mwenyewe hataki, anasema tungoje. Wewe ndiye msomi wetu. Tungoje?"

"Ndiyo mama, inshallah."

"Haya. Nimemsomea ulivyosema, ametulia."

"Alhamdulillahi mama."

Nilipiga simu mpaka mjomba akapokea. Walikuwa njiani kuja mjini, na baba alikuwa hajitambui.

Hakufa. Daktari alimkata mguu chini ya goti, akasema angeletwa mapema huenda ungepona.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linalonimaliza. Mama huwaambia wageni, "Mwanangu hakututupa. Kila nilipoandika, alijibu." Juzi nilipokwenda nyumbani, baba akaniuliza tukiwa wawili tu, "Hivi mwanangu, siku ile uliposema tungoje, uliwaza nini?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Nilidhani ni kidonda kidogo, baba."

Akanishika mkono. "Basi. Hata mimi nilidhani hivyo. Nimekusamehe."

Amenisamehe kosa nisilolifanya. Lile nililolifanya halijui, na sasa nimeliongezea uongo.

Programu nimeifuta. Leo mama ameniandikia tena: dawa zinamtapisha baba, aache kuzinywa? Nimemwambia asiache, arudi zahanati leo hii, nami nakuja. Niliusoma mara tatu kabla ya kuutuma, maana lolote nitakaloandika watalifuata. Ujumbe wa pili, wa kuwaambia nani aliyewajibu siku ile, nimeuandika na kuufuta hata sijui mara ngapi.

Nyie mnaojua programu, punguzeni kazi zote mnazotaka. Lakini mtu anayekuamini mjibu mwenyewe. Na ukishakosea, sema kabla hujaulizwa. Mimi niliulizwa kwa upole, nikaongopa, na sasa kila wanaponishukuru nahisi namkata baba mguu wa pili.