Paneli ya mama mkwe na kitambaa chake

Asubuhi hii Fundi Mwanga amekaa juu ya paa la kinyozi, spana mkononi, akikaza nati ya mwisho ya paneli ya sola. Chini, kinyozi amesimama mikono kiunoni, anakagua mawingu.

"Fundi, si ungerudi siku ya jua kali? Leo itapata moto wapi?"

"Paneli si sufuria, ndugu yangu. Haitaki moto, inataka mwanga."

"Mh," anaguna kinyozi, mtu asiyesadiki ila hataki ugomvi na aliye juu ya paa lake.

Kufunga sola, anasema Fundi Mwanga, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kubishana. Ana mteja anayeanua paneli kila mvua ikinyesha, kama nguo. Mwingine alichomeka pasi, umeme ukakatika, akaja juu kwamba ameuziwa betri gonjwa. Wa tatu aliomba paneli igeuziwe mwezi unakochomoza, isikae bure usiku.

"Huyo nilimpenda," anasema. "Alikosea, lakini si mvivu."

Hata hivyo, aliyemtoa jasho kuliko wote ni mama mkwe wake.

Nyumbani kwa bibi huyo kila kitu cha thamani kina nguo yake. Redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina chake chenye maua, makochi ndiyo usiseme. Mwaka jana mkwe alimfungia sola bure, juu ya jiko la uani, paa ambalo mtu akipanda stuli analifikia. Haikuwa heshima tupu. Mtaa ule haukuwa na sola hata moja, na majirani walikwisha kusema: tuone kwanza ya mama.

Wakaona. Kila jioni taa iliwaka kidogo, ikafifia, ikazimika.

"Mama alinipigia simu kwa upole," anakumbuka. "'Mwanangu, taa yako imelala tena.' Ule upole ndio ulionimaliza."

Alikwenda na mita yake, akapima paneli, akapima nyaya. Vyote vizima. Akabadilisha betri, giza likabaki palepale. Mtaani wakaanza kumwita Fundi Giza, na majirani waliokuwa wamemwahidi kazi wakaonekana wakibeba mafuta ya taa, tena kwa madaha. Mwezi ule hakufunga nyumba hata moja. Mkewe naye akawa katikati, mama huku, mume kule.

"Aliniambia, kama umeshindwa sema, tumnunulie mama mishumaa yaishe."

Kilichomponza ni adabu zake mwenyewe. Mtu haendi ukweni kwa kushtukiza. Hutoa taarifa, wenyewe wakajiandaa. Naye alipiga simu kila mara kabla ya kwenda.

Mpaka siku kazi ilipompitisha pale adhuhuri na simu yake imezimika kwa kukosa chaji, jambo ambalo anaomba lisisambazwe. Akapiga hodi, akaingia uani. Jua la utosi, na paneli imelala chini ya kitambaa kizito cha kufuma, cheupe, chenye maua ya bluu na shada pembeni. Kimeienea barabara, kimepimwa.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Akajitanda khanga haraka.

"Mwanangu, ungesema unakuja ningekitoa."

Hapo mambo yote yakamwelea. Kila alipopiga simu, mama alipanda stuli akakitoa, maana mgeni haonyeshwi kitu kilichofunikwa. Mgeni akiaga, kitambaa kinarudi.

"Jua linapausha hata mapazia," anajitetea mama huyo, bila majuto. "Kitu cha ghali vile nikiache uchi kibabuke? Nilijua joto linapenya tu."

Sasa mkwe atamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea? Fundi aliinamisha kichwa. Akasifia maua kwanza.

"Mama, hii haili joto, inakula mwanga. Na inakula mchana tu. Naona tumekuwa tukiifunga mdomo wakati wa chakula."

Mama akaweka maharage kando. "Kumbe nimeishindisha njaa," akasema. Akapanda stuli mwenyewe, akakitoa. "Na usiku, ikishashiba?"

"Usiku ifunike, Mama. Haina neno."

Jioni ile taa iliwaka mpaka mama alipoizima kwa mkono wake. Kesho yake alipita nyumba hadi nyumba akieleza chakula cha paneli, na waliobeba mafuta ya taa wakaanza kumtafuta fundi. Fundi anasema alifurahi hadi akaona haya.

Ndoto yake sasa ni kufungua duka dogo, na mlangoni kuweka kiti cha mama mkwe. "Mimi wananibishia. Yeye nani atambishia?" Mama amekubali, kwa sharti kwamba kiti hicho atakivisha yeye.

Juu ya paa, nati imekaza. Kinyozi bado anatazama mawingu.

"Sasa fundi, siku jua likizidi, niifunike turubai?"

Fundi Mwanga anatoa simu, yenye chaji leo.

"Shikamoo Mama. Una nafasi? Kuna mmoja hapa."