Daraja la Treni ya Kuchezea Lilipofikishwa Barazani

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Msambweni, kando ya barabara, na kwa miaka mingi nilitengeneza vitanda, milango na meza bila mtu yeyote kuniita mhandisi. Cheo hicho nilikipata kwa sababu ya daraja lisilozidi urefu wa mkono wangu.

Mwenye daraja alikuwa mzee wa Kizungu, mstaafu, aliyehamia Diani kupumzika na hakupumzika hata siku moja. Chumba ambacho mkewe alikitaka kiwe cha wageni alikijaza reli za treni ya kuchezea. Reli zenyewe zilikuwa za aina mbili. Za zamani alizirithi kwa babake: nene, zimekaa juu ya kitako cha bati. Za kisasa zilikuwa nyembamba, zenye mataruma ya plastiki, vile vipande vinavyolala chini ya reli. Akaagiza daraja kutoka kwao, likaja vipande vipande katika boksi, nalo kumbe limetengenezewa reli nyembamba peke yake.

"Fundi," akaniambia, "nataka treni zote mbili zipite. Leo ya baba, kesho yangu."

Tukaweka reli ya baba tuone. Treni ikaingia darajani kwa heshima zote, dohani yake ikagonga vyuma vya juu, ikaanguka chali. Mzee akavua kofia. Nilidhani anataka kuomba dua.

Nikalichukua daraja hadi karakana. Niliitoa sakafu iliyokuja nalo, nikashusha viunzi vya chini, kisha nikachonga sakafu mbili za plaiwudi, za kuchomeka na kuchomoa, kila moja na kipande cha reli yake. Sakafu ya reli nene niliifanya nyembamba, na ya reli nyembamba nikaifanya nene, ili treni zote zipite kwa kimo kimoja. Kila asubuhi mzee alinipigia simu kuuliza kama gundi imekauka. Hakuna bwana harusi aliyewahi kuniulizia kitanda chake namna ile.

Siku nilipoliweka nje likauke rangi, mheshimiwa wetu akapita kuagiza meza ya ofisi. Huyu alikuwa ametuahidi daraja la miguu la kwendea zahanati, kwenye kijito kinachofurika kila masika, tangu kampeni yake ya kwanza. Sasa alikuwa katika kipindi cha pili.

"Fundi, hili ni nini?"

"Ni la mteja, mheshimiwa. Ni la treni ya..."

"Hili ndilo daraja letu! Ijumaa nina baraza. Niazime."

Nilimwambia mwenye nalo ni mkali. Msaidizi wake alikuwa ameshalipakia garini.

Ijumaa baada ya swala nikaenda barazani, roho mkononi. Daraja lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa cha kijani. Mheshimiwa akahutubia kwa kirefu juu ya "awamu ya kwanza ya utekelezaji", kisha akalifunua. Watu wakapiga makofi. Simu zikapiga picha. Hapo mkunga wetu, bibi aliyewazalisha mama wa nusu ya watu waliokuwepo, mama wa mheshimiwa akiwamo, akainua mkono.

"Shikamoo, bibi," mheshimiwa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hizi nizionazo hapo juu ni reli?"

"Ndiyo, bibi. Sisi tunaangalia mbele."

"Na mja mzito atapita wapi?"

"Hayo ni ya kitaalamu. Mhandisi wa mradi yupo, atatueleza." Akaninyooshea kidole mimi.

Nikasimama. Ningeweza kusema kweli palepale, lakini macho ya mheshimiwa yalinibana. "Linachukua reli nene na reli nyembamba," nikasema. "Sakafu zinabadilishwa."

Makofi tena. Mkunga hakupiga.

"Nimekuuliza mja mzito, mwanangu."

Nikakiri: "Ni la treni ya kuchezea, bibi. Mwenyewe yuko Diani, na analitaka Jumatatu."

Kicheko kilianzia upande wa kina mama, kikafika hadi kwa chifu, aliyejificha uso kwa kofia yake. Mheshimiwa akatangaza kuwa wataalamu hawakuelewana, akafunga baraza kwa dua.

Nilirudi nyumbani nikijionea haya. Kesho yake asubuhi mkunga akaja karakana na wanawake saba, wamejitwika mbao za mnazi.

"Mhandisi," akasema, "vaa viatu."

Tulifanya kazi kijitoni siku tisa: nguzo za mvinje, sakafu ya mnazi, kamba za kushikilia pande zote mbili. Mzee wa Diani naye alilipata daraja lake, akalikagua kwa miwani miwili, akakuta alama ya dole gumba kwenye rangi. Nilipomwambia ni la mheshimiwa, alisema mtu huyo asikanyage nyumbani kwake.

Tulipomaliza, mheshimiwa akaja kulizindua daraja la kijito, na utepe mwekundu, na mpiga picha. Alikuwa amefika kwenye "maono yangu ya muda mrefu" mwanamke mmoja alipopiga ukelele kutoka ng'ambo: binti yake ameshikwa na uchungu. Mkunga akachukua mkoba wake.

"Nipishe, mwanangu."

"Bibi, subiri nikate utepe kwanza..."

Hakusubiri. Utepe ukamnasa kiunoni, ukavutika, ukakatika, naye akavuka akiuburura nyuma yake kama mkia mwekundu, mbao zikiitika chini ya miguu yake. Mheshimiwa akabaki na mkasi. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, na hotuba ilikuwa bado haijaisha.