Siku Mama Aliyochoka Kukaa

Jumamosi iliyopita kamati ya harusi ya binti yangu ilibishana mchana kutwa juu ya rangi ya mapambo. Nikachoka, nikamkumbuka mama.

Kwetu Kitangari mama alipandisha maji kutoka bondeni wiki nzima, ndoo kichwani. Jumapili, wenzake walipoinuka kwenda kupokea Komunyo, yeye alibaki nami kwenye benchi. Nilidhani anapumzika. Sikujua kwamba yeye na baba walikuwa hawajafunga ndoa kanisani, na kwamba kwa hiyo meza ile ya Komunyo haikuwa yao.

Walipoifunga hatimaye, nilikuwa darasa la pili. Ilikuwa alasiri, harufu ya maua ya mikorosho ikiingia madirishani na kuchanganyika na ubani. Nilikaa nyuma yao, nikitazama visigino vya mama vilivyopasuka. Pete zikavishwa, ngoma zikapigwa, kisha wakati wa Komunyo ukafika, naye akainuka.

Nikamvuta kitenge. “Mama, kaa upumzike.”

Akageuka, macho yamemlowa.

“Nimekaa miaka yote hii, mwanangu,” akanong’ona. “Nimechoka kukaa.”