Niliinyamazisha difu kwa additive, mama mkwe akakosa hodi

Wakuu, salaam kutoka Unguja. Haya yamenitokea mwenyewe, na mke wangu anasoma humu, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Nina gari ya saluni ya zamani, rear wheel drive. Difu yake, ile gia ya ekseli ya nyuma, ilikuwa inalia. Ukifika spidi ya hamsini inaanza kuvuma, ukiachia mafuta inavuma zaidi. Mimi nilishazoea.

Aliyekataa kuzoea ni mama mkwe wangu, Bi Mize. Anakaa Kiwengwa, analima mwani, na ana presha. Alikuwa ameacha kwenda kliniki mjini kwa sababu, kwa maneno yake, hajisikii chochote. Mke wangu Zuhura hata usingizi hapati kwa hofu. Kila nikienda kumchukua, jibu ni lile lile.

"Mie gari hiyo siipandi. Inaumwa hiyo, nnaisikia tangu barabarani. Mgonjwa atampanda mgonjwa mwenziwe?"

Ukimwambia tukodi teksi, anasema hana haja, mbona yeye mzima. Alishapata kisingizio, na kisingizio chenyewe nilikuwa nakiendesha mimi.

Nikaenda kwa fundi wangu kule Mikunguni. Oil ikatoka nyeusi, ina unga wa chuma unaometameta. Akasema beringi zimelika, lazima difu ifunguliwe, na spea mpaka zitoke Dar. Nikamwambia mkwe wangu anatakiwa kliniki wiki hii. Basi akatia gear oil mpya na chupa ya additive, dawa ya kuchanganya na oil, juu yake.

"Hii haiponyeshi, inatuliza tu," akanionya. "Usije ukajisahau."

(Mnaojifanyia wenyewe: fungueni kwanza nati ya juu ya kujazia, ndiyo mmwage kwa chini. Ukishamwaga halafu ya juu ikagoma, gari haitoki hapo.)

Wakuu, ilinyamaza. Njia nzima nasikia funguo zikigongana kwenye swichi. Nikafika Kiwengwa nimefurahi, nikaingia mpaka uani, nikazima, nikashuka.

Bi Mize alikuwa kwenye kigoda, kanga moja kifuani, miguu iliyovimba ameinyoosha anaipaka mafuta ya nazi.

Kwa dini yule ni mama yangu. Lakini mnaojua ukwe wa kwetu mnaelewa nilivyotamani ardhi inimeze. Aliinuka nusura aanguke, akajifungia ndani.

"Mwanamme gani huyu anaingia nyumba za watu hana hodi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu nimuoe Zuhura sijawahi kupiga hodi nyumba ile. Difu ilikuwa inanipigia tangu barabarani, na yeye anapata muda wa kujitanda na kuteleka chai.

Nikajua safari imekufa. Nitamwambia nini Zuhura? Nikairudisha gari nyuma mpaka barabarani, nikaja kwa miguu, nikasimama mbali na ua kama mtu ambaye ndiyo kwanza anafika.

"Hodi, mama."

Kimya. Nikarudia. Kimya. Aliniacha juani kwa makusudi, nina hakika. Nikapiga tena.

"Karibu, mwanangu."

Akatoka na buibui lake, uso mkavu, kana kwamba hatujaonana siku ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari sikuisikia leo. Imepona?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, tungeondoka. Lakini nilishamvunjia heshima mara moja, sikutaka kuongeza na uongo.

"Haijapona, mama. Imetiwa dawa ya kuituliza. Ndani bado inaumwa, lazima ifunguliwe."

Akaizunguka polepole mpaka nyuma, akaweka kiganja juu ya buti.

"Na haisikiki kabisa?"

"Haisikiki."

"Na inaumwa."

"Inaumwa, mama."

Akaondoa mkono. Halafu akafungua mlango mwenyewe.

"Basi nipeleke. Mie nami sijisikii chochote."

Njiani alinihadithia utoto wa Zuhura, mambo ambayo Zuhura mwenyewe hayajui. Kliniki wakakuta presha iko juu mno, wakasema vizuri tumemleta. Nilipompigia Zuhura kumwambia, alilia, na mimi machozi yalikuwa karibu.

Sasa mlichokuja kusoma. Additive ilifanya kazi kwa muda, mvumo ukaanza kurudi mdogo mdogo. Spea zilipofika tukaifungua difu, tukabadilisha beringi, sasa ni kimya cha kweli. Tumia additive ukiwa umebanwa, lakini kimya kile kisikufanye uache kwenda kwa fundi.

Bi Mize anameza dawa zake kila siku. Siku difu ilipofunguliwa alinipigia simu kuuliza ilikuwa na nini. Nikamwambia beringi zilikuwa zimekwisha kabisa.

"Maskini," akasema. "Na ilivyonyamaza vile."

Mwenye uzoefu na additive aweke hapa, hasa iliyodumu. Na wenye wakwe, pigeni hodi.